Kumtunza Mchungaji Kabla Hajahamishwa

Siku ya kumuaga mchungaji, usharika hauhitaji kukumbushwa wajibu wake. Ibada ikimalizika, kwaya inajipanga, kinamama wanatandika kanga na vitenge kuanzia mlango wa kanisa hadi kwenye viti vya wageni, na mchungaji na mkewe wanapita juu yake huku vigelegele vikirindima. Kisha zinaanza zawadi. Jumuiya hii imeleta mbuzi, ile gunia la mchele, vijana wamechanga wakanunua godoro, na kinamama wanamvika mama mchungaji kitenge juu ya kitenge mpaka anabaki kuonekana uso tu. Mzee wa kanisa anasoma risala na sauti inamkatika katikati. Watu wanafuta machozi. Mgeni aliyefika siku hiyo tu ataondoka akiamini kwamba mtu huyu ameambiwa kila wiki jinsi anavyopendwa.

Kupendwa, mara nyingi amependwa kweli. Kuambiwa ndiko kulikokosekana. Wapo wachungaji wanaosikia kwa mara ya kwanza siku ya kuagwa kwamba mahubiri fulani yalizuia ndoa ya watu isivunjike, au kwamba usiku ule walipokwenda hospitali, mgonjwa alipata usingizi baada ya siku nyingi. Maneno hayo yangewafaa zaidi miaka mitatu nyuma, walipokuwa wakirudi nyumbani wamechoka na kujiuliza kama kuna mtu anayesikiliza. Barua ya uhamisho ndiyo inayofungua vinywa vya watu, na hapo mzigo umeshapakiwa kwenye gari.

Sehemu ya tatizo ni kwamba waumini wengi wanaifahamu kazi ya mchungaji kwa kile wanachokiona Jumapili. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, ni mfano mzuri wa kuonyesha kilichobaki. Kanisa hili liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika, na leo waumini wake ni mamilioni. Usharika mmoja mara nyingi una mitaa kadhaa, na mitaani ibada za kawaida huongozwa na mwinjilisti. Lakini Chakula cha Bwana humsubiri mchungaji. Kwa hiyo Jumapili moja anaweza kuhubiri ibada ya asubuhi usharikani, akavua joho, akapanda pikipiki kwenda mtaa wa mlimani kushirikisha, akala chakula cha mchana saa kumi, na jioni akakaa na kamati ya ujenzi inayobishana kuhusu mabati. Katikati ya wiki kuna darasa la kipaimara, wagonjwa, wazee wasioweza kufika kanisani, na vikao. Kuna ndoa inayosuluhishwa sebuleni kwake mpaka saa tano usiku, na asubuhi yake hawezi kumsimulia mtu yeyote, kwa kuwa siri za watu ni sehemu ya kazi.

Halafu kuna Desemba. Mtu anayetaka kujua uchungaji ni nini na aende Kilimanjaro wiki ya Krismasi. Wenyeji waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na nje ya nchi wanarudi nyumbani kwa wakati mmoja, na kila familia imekuja na shughuli yake: ubatizo wa wajukuu, harusi, ibada ya shukrani kwa nyumba mpya, kuweka msalaba kwenye kaburi la babu aliyezikwa mwezi wa sita. Zote zinamtaka mchungaji, zote zinataka tarehe ileile, na kila familia inataraji ahubiri kana kwamba hana ibada nyingine siku hiyo. Misiba nayo haipumziki kwa sababu ya sikukuu. Ikifika mwaka mpya waumini wanarudi mjini wamepumzika, na mchungaji anaingia Januari hana sauti.

Ndiyo maana heshima ya kwanza anayoweza kupewa mchungaji haigharimu chochote: kumpa taarifa mapema, na kufika kwa wakati. Familia inayopanga ibada ya shukrani saa nne na kumwacha mchungaji akae chini ya turubai hadi saa saba, ikisubiri wageni kutoka mjini, imemnyima muda wa mgonjwa mmoja na wa mtoto wake mmoja, hata kama itamfungia pilau la kwenda nalo. Vivyo hivyo na simu. Anayefiwa apige saa nane za usiku bila kusita, kwa kuwa hapo ndipo mchungaji anapohitajika. Anayetaka kuuliza zamu ya usafi wa kanisa anaweza kumpigia katibu.

Kwa salamu hakuna shida. Waswahili wanajua kuheshimu kwa salamu kuliko watu wengi. Kanisa lenyewe limesaidia. Mchungaji mwenye miaka 28 anapokutana na bibi wa miaka 80, nani ampe mwenzake shikamoo? Kwa umri, kijana ndiye anayetoa. Kwa cheo, wapo wazee wanaotaka kumwamkia mtumishi wa Mungu. “Bwana Yesu asifiwe” inawatoa wote wawili kwenye ugumu huo, na baada ya “Amina” kijana anaweza kuinama kidogo na kutoa shikamoo yake kwa adabu, bila yeyote kupungukiwa.

Ugumu uko kwenye mazungumzo yanayofanyika mchungaji akishapita. Kundi la WhatsApp la jumuiya linaweza kuchambua mahubiri, kiatu chake, mwendo wa mke wake na daraja alilopata mtoto wake kidato cha nne, kabla hajafika nyumbani. Kumkosoa mchungaji si dhambi. Kumkosoa kwa watu mia moja na ishirini huku yeye mwenyewe hajaambiwa neno, hilo ni jambo jingine, na limewavunja moyo wachungaji wengi kuliko umaskini. Na upande wa pili, shukrani nazo zina namna yake. “Mchungaji, mahubiri mazuri” husemwa mlangoni kila Jumapili mpaka inakuwa sawa na habari za asubuhi. Muumini anayesema, “Ulivyoeleza habari ya yule ndugu mkubwa wa mwana mpotevu, nilikwenda nikampigia kaka yangu, tulikuwa hatusemezani,” amempa mchungaji kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Na sasa fedha, maana bila fedha mazungumzo haya hayakamiliki.

Baada ya ibada katika sharika nyingi za Kilutheri, hasa vijijini, watu hawatawanyiki mara moja. Wanasimama nje kwa ajili ya mnada. Waliokosa fedha taslimu wametoa walichonacho: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, maparachichi kwenye ndoo, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee mwenye sauti ndiye dalali. Anamwinua jogoo juu, anataja bei, mtu anaongeza mia tano, mwingine elfu. Anayeshinda analipa, kisha mara nyingi anasema, “Rudisha, mnadi tena,” na jogoo yuleyule anauzwa mara mbili au tatu, kila mara fedha ikiingia kwenye hazina ya kanisa. Mara nyingine aliyeshinda anasema, “Huyu ni wa mchungaji,” na watu wanapiga makofi.

Jogoo huyo ni zawadi ya moyo na hakuna sababu ya kumdharau. Lakini mchungaji hawezi kulipa ada kwa jogoo. Utaratibu wa malipo hutofautiana: kuna mahali ambapo usharika ndio unaomlipa mchungaji wake, na kuna mahali ambapo sharika hupeleka fedha dayosisini na dayosisi ikalipa wachungaji wote. Kwa njia yoyote ile, chanzo ni kilekile, yaani bahasha na sadaka za waumini. Mwezi bahasha zikipungua, mshahara unachelewa. Katika makanisa madogo ya kipentekoste, hasa yale yaliyoanza na watu ishirini kwenye darasa la shule la kukodi, mara nyingi hakuna hata mshahara wa kuchelewa. Mchungaji analima, anafuga au mke wake anauza duka, na kanisa linakua juu ya mgongo wa familia moja.

Jambo hili lina umri sawa na Ukristo wenyewe. Mtume Paulo alishona mahema Korintho ili asimlemee mtu, lakini katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho alitumia sura nzima, ya tisa, kueleza kwamba wanaohubiri wana haki ya kutunzwa na wanaohubiriwa, na kwamba kutoitumia haki hiyo ulikuwa uamuzi wake mwenyewe. Kwa Wagalatia aliandika kwamba anayefundishwa neno amshirikishe mwalimu wake mema aliyo nayo. Kanisa la Filipi lilikwenda mbali zaidi. Paulo alipokuwa amefungwa, Wafilipi hawakutuma salamu tu; walimtuma mtu, Epafrodito, na msaada mkononi, na mtu huyo akaugua karibu ya kufa katika kazi hiyo. Waraka kwa Wafilipi, ambao wengi wanaupenda kwa furaha yake, kwa kiasi kikubwa ni barua ya shukrani ya mchungaji aliyetunzwa vizuri.

Kumtunza vizuri hakumaanishi kupokea chochote kutoka kwa yeyote. Novemba 2024, Rais William Ruto wa Kenya alihudhuria misa katika kanisa Katoliki la Soweto jijini Nairobi akatoa mchango, ukiwemo wa kwaya na shilingi milioni mbili za kujenga nyumba ya padre. Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha zirudishwe, akieleza kwamba kanisa halipaswi kutumiwa kisiasa. Wapo waliosema padre amenyimwa nyumba. Ukweli ni kwamba padre aliepushwa na deni ambalo angelilipa madhabahuni, mwaka wa uchaguzi. Nyumba ya mtumishi ikijengwa na matofali ya waumini wake, hata kama itachukua miaka mitano, Jumapili anapanda mimbarini akiwa huru kusema anachotakiwa kusema.

Lakini kuna mahali heshima inapogusana na jambo zito zaidi, yaani utii usio na swali. Aprili 2023 habari za msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zilianza kutoka. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watu waliokufa kwa njaa, wakiwemo watoto. Walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwafundisha kwamba kwa kufunga mpaka kufa wangekutana na Yesu. Mackenzie amefikishwa mahakamani na kukana mashtaka. Tangu wakati huo, kila mzazi wa pwani ya Kenya anayemwona mwanawe akimtii mhubiri bila swali ana sababu ya kuogopa. Rwanda ilikuwa imeshachukua njia ya sheria: mwaka 2018 ilipitisha sheria inayowataka viongozi wa makanisa kuwa na elimu ya theolojia ya ngazi ya shahada.

Je, basi watu wapunguze heshima? Barua ya kwanza ya Paulo kwa Timotheo inajibu vizuri kuliko inavyokumbukwa. Katika sura ya tano, mistari inayosomwa sana siku ya kumshukuru mchungaji ni ule wa 17 na wa 18: wazee wanaoongoza vema wastahili heshima maradufu, kwa kuwa hata ng'ombe anayepura nafaka hazuiwi kula. Msomaji akiendelea mistari miwili tu, anakuta kwamba shtaka dhidi ya mzee lisipokewe bila mashahidi wawili au watatu, na kwamba aliyetenda dhambi akemewe mbele ya wote. Heshima, mshahara, kinga dhidi ya uvumi, na uwajibikaji, vyote vimewekwa katika aya moja na mtu mmoja. Anayechukua nusu ya kwanza peke yake anatengeneza mfalme. Anayechukua nusu ya pili peke yake anatengeneza mahakama, na hakuna mchungaji atakayedumu hapo.

Kwa vitendo, hii inamaanisha vitabu vya fedha vikaguliwe kila mwaka, na mchungaji asiwe yeye mwenye kushika sadaka. Mchungaji mwaminifu ndiye anayefaidika zaidi na utaratibu huo. Siku mtu akianza kunong'ona kuhusu fedha za ujenzi, mweka hazina anafungua daftari na maneno yanaishia hapo. Mzee wa kanisa anayemfuata mchungaji faragha na kumwambia, “Mchungaji, lile ulilolisema kwenye msiba liliwaumiza wafiwa,” naye amemheshimu kuliko anayeitikia amina kwa kila kitu.

Ndani ya nyumba ya mchungaji kuna watu ambao hawakuitwa na askofu wala hawakuapa. Mama mchungaji hutarajiwa kuongoza kinamama, kupokea wageni bila taarifa, kupika kwa ajili ya kikao cha halmashauri, na kuvaa kwa namna itakayompendeza kila mtu. Watoto hutarajiwa kuwa mfano. Mtoto wa mchungaji akikutwa anacheza mpira saa ya shule ya Jumapili, habari zinafika nyumbani kabla yake. Watoto wa jirani waliokuwa naye uwanjani hawatajwi. Usharika unaompenda mchungaji wake unaweza kuwaacha watoto hao wawe watoto.

Na mchungaji anaweza kuwa mama mwenyewe. KKKT ilikubali wanawake wachungaji mwaka 1990, na wa kwanza wakabarikiwa mwaka uliofuata. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, bado kuna familia ambazo msiba ukitokea huuliza kama “mchungaji mwenyewe” atakuja, huku mchungaji wao amesimama mbele yao na Biblia mkononi. Waliosoma naye Makumira, chuo kilichoko karibu na Usa River mkoani Arusha, walifundishwa Kiyunani kilekile na kufanya mitihani ileile. Kumheshimu kunaanza kwa kumwacha azike.

Afrika Mashariki ina majina ambayo yangestahili kutajwa mara nyingi zaidi mimbarini. Cecil Majaliwa alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa Unguja na UMCA, misheni ya Kianglikana, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri. Alifanya kazi Chitangali, kusini mwa Tanganyika, miongoni mwa Wayao, kwa muda mrefu bila Mzungu wa kumsimamia, na kanisa likakua. Apolo Kivebulaya, Mganda, alifika Mboga upande wa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1890. Alipigwa vibaya kwa amri ya mtawala Tabaro na kuachwa akidhaniwa amekufa. Akapona, akaendelea kufundisha, na baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo hakuoa, hakukusanya mali, na alipofariki mwaka 1933 aliacha agizo kwamba azikwe akielekea magharibi, kwenye misitu ambako kazi ilikuwa bado haijafika, kinyume na desturi ya kwao. Waanglikana wa mashariki ya Kongo, ambao wengi wao husali kwa Kiswahili, wanamhesabu kuwa baba yao.

Watu hao wanakumbukwa kwa sababu waliowafuata walisimulia. Kila usharika wa zamani una wa kwake: mwinjilisti aliyetembea kwa miguu siku mbili kufundisha watoto kusoma, mchungaji aliyekaa na wagonjwa wa kipindupindu wakati wengine wamekimbia. Mara nyingi majina yao yamebaki kwa bibi mmoja tu anayekaribia kuondoka. Kijana mwenye simu ya kurekodi anaweza kukaa naye mchana mmoja, na usharika ukawa na historia yake.

Nchini Marekani makanisa mengi yameufanya Oktoba kuwa mwezi wa kuwashukuru wachungaji, desturi iliyoenea tangu miaka ya 1990, na baadhi ya makanisa ya Nairobi na Dar es Salaam yameanza kuifuata kwa keki, kadi na suti. Hakuna ubaya. Ila mtu anayepaswa kufikiriwa zaidi ni yule ambaye keki haimfikii: mchungaji mstaafu. Kwa miaka thelathini na tano aliishi katika nyumba za kanisa, akihamishwa kila mara kabla hajapata kiwanja. Siku ya kustaafu anatakiwa kuikabidhi nyumba kwa mwenzake, na mara nyingine hapo ndipo inapogundulika kwamba hana pa kwenda. Kwa sheria ya Tanzania, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, ikichangiwa na mwajiri na mwajiriwa. Kanisa linalomwajiri mchungaji na kupeleka mchango huo kila mwezi, kwa mshahara wake halisi, limemfanyia jambo ambalo vitenge mia moja vya siku ya kuagwa haviwezi kulifidia. Linalokata fedha na kuchelewa kuzipeleka limemkopa mzee bila kumwambia.

Bajeti za sharika huandaliwa mwishoni mwa mwaka, na waumini wana nafasi ya kuuliza kwenye mkutano mkuu. Mchungaji wetu ana bima ya afya, na familia yake imo? Michango yake ya uzeeni imepelekwa hadi mwezi gani? Ana siku ngapi za likizo, na nani anahubiri akiwa hayupo? Bati la jikoni kwake linalovuja limeandikwa kwenye matengenezo ya mwaka huu au limesukumwa tena? Maswali hayo yanaulizwa vizuri zaidi mchungaji akiwa ameombwa atoke nje kwa dakika kumi, maana yeye mwenyewe hatayauliza.